Si kila mti wa matopeni ni mkoko: Jinsi ya kutambua mchu, mlilana na mingineyo kwa maua

KILA ifikapo Julai 26, siku ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliitenga mnamo 2015 kwa ajili ya uhifadhi wa mikoko duniani, makundi ya wanafunzi, wafanyakazi wa mashirika na viongozi huteremka kwenye matope ya Pwani wakiwa na miche mikononi.

Hupanda, hupigwa picha na kurejea makwao kabla ya maji kujaa. Mara nyingi miche hiyo huwa ya aina moja tu: ile iliyo mfano wa fimbo ndefu ya kijani, ambayo huokotwa chini ya mti na kudungwa matopeni bila haja ya kitalu.

Mti unaozaa fimbo hizo ndio mkoko hasa. Lakini si kila tope la bahari hufaa mkoko. Mahali ambapo tangu jadi pameota mlilana au mchu, mkoko hudumu miezi michache tu kisha ukanyauka, ukasombwa na mawimbi au ukafunikwa na chaza na magamba mengine ya baharini.

Nchini Ufilipino, ambako upandaji wa aina hii ulifanywa kwa miongo kadhaa na kwa gharama kubwa, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2008 ulibaini kwamba katika miradi mikubwa ni asilimia 10 hadi 20 pekee ya miche iliyosalia hai. Sababu kuu ilikuwa hiyo hiyo: aina isiyofaa, iliyopandwa mahali pasipofaa, kwa kuwa miche yake ilipatikana kwa urahisi.

Kenya nayo imejitwika lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na Pwani ina fungu lake katika hesabu hiyo. Ndiyo maana si anasa mtu kujua kutofautisha mti mmoja na mwingine kabla hajachukua jembe.

Tisa kwa jina moja

Wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi Nchini (KMFRI) na wale wa Shirika la Huduma za Misitu (KFS) huhesabu aina tisa za miti ya mikoko katika ufuo wa Kenya, kuanzia Kiunga hadi Vanga. Misitu hiyo ina ukubwa wa takriban hekta 61,000, na zaidi ya nusu yake imo katika kaunti moja tu, Lamu.

Katika lugha ya kila siku, na hata katika taarifa za habari, yote tisa huitwa mikoko. Hapo ndipo utata unapoanzia, kwa sababu mkoko ni jina la mti mmoja miongoni mwa hiyo tisa, na jina hilo limepanuliwa likafunika nduguze wote.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wowote wa maneno katika jambo hili. Wakata boriti, mafundi wa majahazi na wavuvi walikwisha kuyapa miti hiyo majina yake kabla ya mtaalamu wa kwanza kufika na daftari: mkoko, muia, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Ni majina ambayo kijana wa Mombasa leo huenda asiyajue hata matatu, ilhali mzee wa Faza au Mkunumbi hutaja yote bila kukuna kichwa.

Majina hayo yalikuwa na kazi. Aliyetaka mataruma ya jahazi, yaani zile mbavu za chombo, alitafuta mlilana. Aliyetaka mlingoti alitafuta msikundazi. Ganda la mkandaa lilitumika kutia ngozi rangi ya wekundu wa kahawia. Na boriti zilizoshikilia dari za nyumba za mawe za Lamu zilitoka kwa mkoko, muia na mkandaa. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wake haungeweza kuzidi urefu wa boriti.

Maji ndiyo yanayogawa makao

Kabla ya kutazama ua au jani, ni vyema msomaji aelewe jinsi miti hii inavyojipanga. Kinachoamua ni maji: yanafika wapi, mara ngapi, na yanakaa kwa muda gani.

Kila siku bahari hujaa na kupwa mara mbili. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hupanda juu sana na hupwa mbali sana. Wakati wa maji mafu, hayapandi wala hayashuki sana. Kwa hivyo ardhi iliyo chini hufunikwa kila siku bila kukosa, na ile iliyo juu hufunikwa siku chache tu za bamvua katika mwezi.

Mlilana husimama mstari wa mbele, ukielekea bahari, mahali ambapo maji hufika kila siku. Nyuma yake huja mkoko, ambao pia hupenda kingo za mahori. Muia huchanganyika nao au kukaa nyuma yake kidogo. Kisha huja mkandaa, ambao hufanya vichaka vizito katika tope gumu zaidi. Nyuma kabisa, karibu na nchi kavu, ndiko unakoweza kukuta kikandaa, mkomafi dume na msikundazi.

Mchu hautii utaratibu huo. Huota mbele karibu na mlilana, ukiwa mti mrefu mnene, na huota tena nyuma kabisa kwenye ardhi kavu yenye chumvi kali, ukiwa kichaka kifupi kisichomfika mtu kifuani. Hali hii imeandikwa sana na watafiti katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale. Mgeni hudhani ni miti miwili tofauti, kumbe ni mmoja.

Kwa hivyo, mahali pekee hapatoshi kuwa kitambulisho. Ni dokezo tu.

Chini kwanza

Mtu anapoingia msituni maji yakiwa yamekupwa, jambo la kwanza litakalomgusa, na pengine kumkwaza, ni mizizi. Nayo hueleza mengi.

Tope la bahari halina hewa. Mizizi iliyozama humo ingekosa pumzi, hivyo kila aina imebuni njia yake ya kuvuta hewa kutoka juu. Mkoko hushusha mizizi iliyopinda kutoka kwenye shina na matawi, ikaonekana kama miguu mingi ya buibui mkubwa. Hakuna mti mwingine katika ufuo wetu ulio na mizizi ya namna hiyo, na mtu akiiona hana haja ya kuendelea kuuliza.

Muia huinua mizizi yake juu ya tope kisha kuirudisha chini, kila mmoja ukifanana na goti lililokunjwa. Mkandaa nao huwa na vigoti vidogo, lakini alama yake kubwa ni sehemu ya chini ya shina ambayo hutanuka kama sketi.

Mkomafi una mizizi mithili ya mbao zilizosimamishwa kwa upande, zikijinyonganyonga juu ya ardhi kama nyoka. Msikundazi hushikiliwa na mizizi mipana inayofanana na kuta. Kikandaa, kwa kawaida, hakionyeshi mizizi yoyote juu ya ardhi.

Sasa imesalia miwili ambayo huwachanganya watu kuliko yote: mchu na mlilana. Yote miwili husimamisha mizizi wima kutoka matopeni, mamia kwa mamia, kuuzunguka mti. Tofauti ni umbo. Mizizi ya mchu ni myembamba na ya kulingana, kama penseli zilizochomekwa ardhini. Ya mlilana ni minene chini na huchongoka kuelekea juu, kama pembe ya ng'ombe mdogo.

Kama mizizi imefunikwa na maji au imekatwa na watafutaji wa chambo, itabidi kutazama juu.

Ua la usiku mmoja

Ua la mlilana, ambao wanasayansi huuita Sonneratia alba, ndilo kubwa na la kuvutia zaidi miongoni mwa yote tisa. Hata hivyo, watu wachache sana wamewahi kuliona likiwa limechanua, na sababu ni rahisi: huchanua usiku.

Jua linapotua, kikombe kinene cha kijani hupasuka kwa ncha sita hadi nane na kuachilia kishungi cha nyuzi nyeupe, nyingi mno kuhesabika. Nyuzi hizo ni stameni, yaani sehemu zinazobeba chavua. Petali zake, zikiwapo, ni nyembamba na hazionekani kwa urahisi katikati ya wingi huo wa nyuzi. Kwa mbali, ua hilo hufanana na brashi ya unga.

Ndani yake mna asali nyingi. Wageni wake ni popo na nondo wakubwa, ambao huja kunywa na kuondoka wakiwa wamejipaka chavua. Kufikia asubuhi nyuzi zimeanguka majini. Mvuvi anayetoka alfajiri na kuona nyuzi nyeupe zikielea pembezoni mwa hori ajue kwamba juu yake pana mlilana.

Kinachobaki mtini ni kile kikombe, ambacho sasa kinaonekana kama nyota ya kijani yenye wekundu kwa ndani. Katikati ya nyota hiyo hukua tunda la mviringo, kijani, la ukubwa wa ndimu, lenye kijiti chembamba kikichomoza nchani. Nyota haidondoki bali huendelea kulishika tunda kama kisahani. Tunda hilo likionekana, shaka yote huisha.

Majani ya mlilana ni manene, ya mviringo, yaliyopangika mawili mawili kuelekeana, na rangi yake ni ileile juu na chini. Jambo hili la mwisho ni muhimu, kama tutakavyoona.

Mchu, jani la chumvi

Mchu, au Avicennia marina, hauna ua la kujionyesha. Maua yake ni madogo, hayafiki hata sentimita moja, na hukaa kwa vikundi vilivyobanana nchani mwa matawi. Kila ua lina petali nne za rangi ya manjano inayoelekea machungwa. Harufu yake ni tamu, na wakati wa kuchanua msitu mzima huvuma nyuki. Wafugaji nyuki wanaoweka mizinga kando ya mikoko huuthamini sana mti huu.

Kama maua hayapo, geuza jani. Upande wa juu ni wa kijani kinachong'aa, lakini upande wa chini ni wa kijivu au rangi ya fedha. Upepo wa kusi unapouvuma msitu, michu hujitambulisha kwa kumetameta, ilhali mililana iliyo kando yake hubaki kijani pande zote.

Kuna njia nyingine ambayo watoto wa vijiji vya ufuoni huijua vizuri. Lamba jani. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia vitundu vidogo kwenye majani. Siku ya jua kali isiyo na mvua, chumvi hiyo huonekana kwa macho kama vumbi jeupe, na ladha yake haihitaji maelezo. Mkoko, muia na mkandaa hazifanyi hivyo. Hizo huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini, isiingie kabisa.

Tunda la mchu ni bapa, la kijani kijivu, mithili ya lozi au punje kubwa ya kunde, likiwa na ncha fupi. Ndani yake mche umekwisha kuanza kuota hata kabla ya kudondoka. Ganda likilowa hupasuka, na majani mawili manene yaliyokunjana hufunguka. Punje hizo huelea, na bamvua huzirundika kwenye mstari wa taka za bahari pamoja na nyasi na vipande vya mbao.

Ndugu watatu

Mkoko, muia na mkandaa ni wa ukoo mmoja, na wote hufanya jambo ambalo miti mingi haifanyi. Mbegu yao haisubiri kuanguka ardhini. Huota ikiwa ingali mtini, ikarefuka na kuning'inia kama fimbo, ndipo ikaachana na mama yake. Kwa kuwa fimbo zote tatu ni za kijani, wapandaji huzichanganya katika gunia moja.

Hapa hesabu ya petali husaidia kuliko kitu kingine. Ua la mkoko lina nne za kila kitu: majani manne magumu ya nje ya rangi ya maziwa ya mgando, na petali nne nyeupe zenye vinyweleo pembezoni. Huning'inia kwa vikundi na hutazama chini.

Ua la mkandaa lina tano. Ni dogo sana, petali zake ni nyeupe na hugeuka kahawia upesi, na hukaa kwa vikundi vidogo karibu na ncha ya tawi. Huchavushwa usiku na nondo wadogo.

Ua la muia halihesabiki kwa kidole cha mkono mmoja, wala halihitaji. Huwa moja moja, kubwa, likiangalia chini, na kikombe chake ni chekundu chenye ncha nyembamba kati ya kumi na kumi na nne. Chini ya kila mti wa muia utakuta vikombe hivi vyekundu vimetapakaa juu ya tope, na mtu aliyewahi kuviona mara moja havisahau.

Ua hilo lina mtego ndani yake. Petali zake hukunjika zikazibana stameni kwa nguvu. Ndege chozi anapoingiza mdomo wake mrefu kutafuta asali, petali hufyatuka ghafla na kumrushia chavua usoni. Huondoka nayo hadi ua linalofuata, bila kujua kwamba ametumwa.

Kwa upande wa majani, la mkoko ni kubwa na lina kijiti kidogo kama mwiba nchani, na upande wake wa chini una vidoadoa vingi vyeusi. La muia limechongoka lakini halina mwiba wala vidoa. La mkandaa ni dogo, na ncha yake ni ya mviringo, wakati mwingine ikiwa na kibonyeo katikati.

Zile fimbo nazo hutofautiana. Ya mkoko ndiyo ndefu zaidi, nyingi zikizidi sentimita 40, na ngozi yake ina vipele. Ya mkandaa ni nyembamba na ina mifuo inayotoka juu hadi chini. Ukiizungusha kati ya vidole utaisikia. Ya muia ni nene na fupi, mfano wa sigara kubwa, na huanguka ikiwa bado imevaa kile kikombe chekundu kichwani kama kofia. Mkoko na mkandaa huacha kofia zao mtini.

Jambo moja kwa wanaokusanya: fimbo ya mkoko haifai kung'olewa kabla ya kukomaa. Ikiwa tayari, pete ya manjano hutokeza pale inapoungana na tunda. Isiyo na pete hiyo ikitiwa gunia ni kazi bure.

Waliobaki

Mkomafi hautambuliwi kwa maua yake, ambayo ni madogo meupe na hayana la ajabu, bali kwa tunda. Ni tufe la kahawia lililo kubwa kama kichwa cha mtoto, zito kiasi cha kuinamisha tawi. Likipasuka hutoa mbegu zenye pembe zisizolingana, ambazo mtu akishazitenganisha hupata taabu kuzirudisha jinsi zilivyokuwa. Gome lake ni laini na hubanduka kama la mpera. Mkomafi dume una gome jeusi lililopasukapasuka, tunda dogo zaidi, na hupukutisha majani yake yote kwa msimu.

Kikandaa kina maua meupe yenye petali tano na majani manene yaliyopangika kwa kupokezana, si mawili mawili. Mpango huo wa majani ndio unaokitenga na mkandaa, licha ya kufanana kwa majina. Msikundazi una majani makubwa yenye rangi ya fedha kwa chini kama ya mchu, ila ya mchu ni madogo mno kando yake, na tunda lake ni gumu lenye ukingo uliosimama, likielea kama mashua iliyopinduka.

Upo pia mmea ambao si mti wala si wa ukoo huu, lakini hukutwa hapo hapo. Ni mtambaachi wenye mashina mekundu, majani manene yaliyojaa maji ya chumvi, na maua madogo ya waridi yenye ncha tano kama nyota, yanayofunguka mchana na kufumba. Wanasayansi huuita Sesuvium portulacastrum. Hauna petali za kweli. Kinachoonekana ni majani ya kikombe ambayo ni ya waridi kwa ndani na kijani kwa nje. Hutanda nyuma ya mikoko kwenye maeneo ya wazi, na aghalabu pale ambapo miti ilifyekwa na jua likapata nafasi ya kukausha tope. Anayetafuta mahali pa kurejesha msitu na autafute mmea huu kwanza, maana hushika udongo na kuipa mbegu za mchu mahali pa kunasa.

Kwa nini suala hili ni zito

Mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali mwaka wa 1932. Mnamo 1982 uuzaji wa boriti nje ya nchi, ambao kwa karne nyingi ulipeleka majahazi hadi Uarabuni, ulipigwa marufuku. Februari 2018, serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma kote nchini, na familia nyingi za Lamu zilizotegemea fito, pau, mazio na boriti zikajikuta hazina riziki.

Leo, kukata mti wowote kati ya hiyo tisa bila kibali cha KFS ni kosa. Sheria haimwondolei lawama mtu atakayesema hakujua kwamba kichaka kifupi alichokifyeka nyuma ya shamba lake kilikuwa mchu.

Hasara si ya binadamu pekee. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara hadi hori la Mwache, Mombasa, ukaifunika mizizi ya kupumulia na kuua sehemu kubwa ya msitu. Kila aina ina kina chake cha udongo inachoweza kuvumilia, na anayetaka kurejesha msitu kama huo hana budi kujua kilichokufa kilikuwa nini.

Mfano mwema uko Gazi. Msitu wake ulikatwa vibaya miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwandani. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa KMFRI, akiwemo Dkt James Kairo, walishirikiana na wanakijiji kupanda upya, wakilinganisha kila aina na mahali pake. Mnamo 2013 wakazi walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, unaohifadhi hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na miti hiyo. Mapato huenda kwa maji, shule na mahitaji mengine ya kijiji. Mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 2017, na Vanga ikafuata nyayo zake mwaka wa 2019.

Wanunuzi wa kaboni hawalipi kwa neno "mikoko". Hutaka kujua ni aina gani, ina unene gani na iko wapi, kwa kuwa kiasi cha kaboni hutofautiana baina ya mti na mti. Wanakijiji wanaokwenda msituni na tepu za kupimia ndio wanaoandika majina hayo, na daftari lenye mchu palipo na mlilana hutoa hesabu ya uongo.

Mlilana wasahaulika

Kati ya aina zote, mlilana ndio unaoumia zaidi kwa kutojulikana. Husimama mbele kabisa na kuvunja nguvu ya mawimbi, na ukiondoka bahari huanza kula ufuo. Katika miaka ya karibuni umeshambuliwa pia na wadudu wanaotoboa matawi, ambayo hukauka kuanzia nchani. Mpita njia huona mti unaokufa na kudhani ni uzee.

Wapandaji huukwepa kwa kuwa hauna fimbo ya kuokota. Mbegu zake ni ndogo, zaidi ya mia moja katika tunda moja, na zikitupwa matopeni mawimbi huzichukua zote.

Huhitaji kitalu, na kazi yenyewe si ngumu. Matunda yaliyoiva, yale yaliyoanza kulainika na kudondoka yenyewe, hulowekwa majini siku kadhaa hadi nyama yake ioze. Mbegu hutenganishwa kwa kuoshwa, kisha husiwa kwenye tope laini mahali ambapo maji ya bahari hufika kwa upole na kivuli kipo. Miche ikishapata majani ya kutosha huhamishiwa kwenye mifuko, na hukaa kitaluni miezi kadhaa kabla ya kupelekwa mstari wa mbele, wakati wa maji mafu, ili mizizi ipate siku chache za kushika kabla ya bamvua kurudi.